Shahada ya uhandisi kwa gharama unayoimudu: maswali ninayoulizwa Arusha na Moshi

Mimi ni mhandisi wa maji. Nilianza na stashahada (diploma) Arusha, nikafanya kazi miaka kadhaa kama fundi sanifu, kisha nikarudi chuoni kuchukua shahada. Kila matokeo ya kidato cha sita yanapotoka, simu yangu haitulii: wazazi wa Machame, vijana wa Ngaramtoni, shangazi wa Rombo anayemsomesha mtoto wa marehemu kaka yake. Wengi huuliza mambo yaleyale, nami napenda kuyajibu, maana mimi mwenyewe sikuwa na wa kumuuliza. Ada na sifa za kujiunga hubadilika, kwa hiyo chochote utakachokisoma hapa kilinganishe na mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu (TCU) wa mwaka unaoomba.

Chuo gani cha uhandisi ni cha bei nafuu kuliko vyote?

Mzee mmoja wa Kibosho alinijia na daftari la mistari. Alikuwa ameandika majina ya vyuo saba kwa kalamu ya bluu, na mbele ya kila jina ada yake. Ada ndogo kuliko zote alikuwa ameizungushia duara, mara mbili, mpaka karatasi imekaribia kutoboka. Nikamwomba kalamu nikaongeza safu nyingine: chakula, chumba, nauli, na mafunzo kwa vitendo. Tulipomaliza kujumlisha, kile chuo cha kwenye duara kikawa cha nne.

Fanya hesabu hii mwenyewe. Tangu mwaka wa masomo 2022/23 Bodi ya Mikopo (HESLB) inamhesabia mwanafunzi shilingi 10,000 za chakula na malazi kwa kila siku. Chukua mihula miwili ya wiki 17, hizo ni siku 238, yaani shilingi 2,380,000 kwa mwaka. Ada ya uhandisi katika vyuo vya umma huwa milioni moja na kitu. Kwa hiyo kula na kulala kunakula pesa kuliko mihadhara! Kijana wa Usa River anayesoma Arusha akitokea nyumbani, anakula alichopika mama yake, anaweza kumaliza miaka minne kwa pesa ndogo kuliko mwenzake aliyekimbilia mji wa mbali kwa sababu ada yake ilipungua laki mbili.

Kuna gharama nyingine ambayo haiandikwi kwenye mwongozo wowote, nayo ni kurudia mwaka. Hesabu za mwaka wa kwanza wa uhandisi zinaumiza. Wapo wanaobeba masomo waliyofeli, wapo wanaodisko, yaani kuondolewa chuoni kabisa kwa kufeli, na kurudi nyumbani na deni. Kabla hujalinganisha ada, jiulize kwa uaminifu kama hesabu na fizikia zako zimesimama. Zikiwa zinayumba, miezi ile ya kusubiri kuanza chuo ikae kwenye kalkulasi, usiimalizie kijiweni.

Vyuo vya umma vinavyotoa uhandisi ni vipi, na vipo wapi?

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndicho kikongwe, kitivo chake cha uhandisi kilifunguliwa 1973. Dar es Salaam pia kuna DIT (Taasisi ya Teknolojia), Chuo Kikuu cha Ardhi upande wa mazingira, na NIT (Chuo cha Taifa cha Usafirishaji) upande wa magari na usafirishaji. Mbeya kuna MUST, Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia. Dodoma kuna UDOM, Chuo Kikuu cha Dodoma. Morogoro kuna SUA, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, ambako utapata uhandisi wa kilimo na umwagiliaji, kozi ambazo vijana wa Kilimanjaro wanazipita bila kuzitazama ingawa wamekua wakichimba mifongo, ile mifereji ya asili ya kumwagilia, na babu zao.

Huku kwetu ni Chuo cha Ufundi Arusha, ATC.

Moshi mjini, kwa shahada ya uhandisi, hakuna. Chuo Kikuu cha Ushirika kinafundisha ushirika, biashara na mambo yanayofanana na hayo, na KCMC ni tiba. Kilichopo Moshi ni msingi mzuri wa kuanzia: Moshi Ufundi kwa ngazi ya sekondari, na chuo cha ufundi stadi cha VETA.

Na Nelson Mandela pale Tengeru? Si ni karibu zaidi?

Pale ni kwa shahada ya uzamili na uzamivu. Kidato cha sita hawachukuliwi. Nimekutana na mzazi aliyepanda gari kutoka Same mpaka getini na vyeti vya mwanawe kwenye bahasha, akarudi navyo jioni ileile. Lakini paweke moyoni kwa baadaye. Dk. Askwar Hilonga, mhandisi kemikali anayetokea kijiji cha Gongali kule Karatu, alikuwa mhadhiri wa pale aliposhinda mwaka 2015 tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa kihandisi inayotolewa na Royal Academy of Engineering ya Uingereza, kwa chujio lake la maji. Tatizo alilolishughulikia analijua kila mtu wa huku, madini ya floridi yanayotutia rangi ya kahawia kwenye meno.

ATC ni chuo cha diploma tu, au mtu anapata digrii kabisa?

Anapata digrii. Watu wengi bado wana picha ya zamani. Chuo kilianza 1978 kwa msaada wa serikali ya Ujerumani Magharibi, na kwa miaka mingi kilitoa mafundi sanifu. Siku hizi kina shahada pia, ikiwemo uhandisi ujenzi na umwagiliaji, na uhandisi umeme na otomatiki.

Nakisifu, na sifa zangu zina sababu. Karakana zake zinatumika kweli. Halafu kuna Kikuletwa, wilayani Hai. Najua ukisikia jina hilo unafikiria chemchemi ya kuogelea, lakini chuo kina kituo pale cha mafunzo ya nishati jadidifu, mahali palipokuwa na kituo cha zamani cha umeme wa maji. Mwanafunzi wa umeme anayeweza kusimama kando ya mfereji, akaona maji yakiingia, akasikia tabaini inazunguka, halafu akarudi darasani kukokotoa kile alichokiona, huyo hasahau.

Nimemaliza kidato cha nne. Niende kidato cha tano au nikachukue diploma?

Hili ndilo swali ninalolipenda kuliko yote, na ndilo linaloleta ugomvi mezani, hasa kama baba anaona diploma ni ya walioshindwa. Mimi siyaoni hivyo.

Njia ya kwanza: miaka miwili ya kidato cha tano na cha sita, kisha minne ya shahada. Jumla sita. Njia ya pili: miaka mitatu ya stashahada, kisha minne ya shahada. Jumla saba. Kwenye karatasi, njia ya kwanza inaokoa mwaka. Lakini tazama mtu yuko wapi pesa zikikauka katikati, maana huku kwetu pesa hukauka: kahawa inashuka bei, mzazi anaugua, mahindi yanakosa mvua. Mwenye kidato cha sita akikwama ana cheti cha kidato cha sita. Mwenye stashahada akikwama ni fundi sanifu. Anaweza kuomba nafasi ya Fundi Sanifu Daraja la II serikalini, ngazi ya mshahara TGS C. Wa umeme anaweza kutafuta leseni ya ufungaji umeme inayotolewa na EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, akafunga nyaya kwenye nyumba zinazojengwa kila kona kuanzia Olasiti mpaka Kisongo, na akajilipia ada ya shahada kwa mikono yake. Mimi nilifanya hivyo upande wa mabomba. Nilipoingia mwaka wa kwanza wa shahada nilikuwa nimeshalaza kilomita za bomba, na mhadhiri alipoandika mlinganyo wa msuguano ubaoni nilijua ni kitu gani anachokizungumzia.

Ada nayo imelegea pande zote. Kidato cha tano na cha sita katika shule za serikali ada ilifutwa kuanzia 2022/23. Mwaka uliofuata, katika bajeti ya 2023/24, serikali ikatangaza kufuta ada kwa wanaochaguliwa kujiunga na masomo ya kati ya ufundi DIT, MUST na ATC. Angalia vizuri neno “wanaochaguliwa”. Kama umeomba mwenyewe moja kwa moja, uliza chuoni kabla hujashangilia.

Onyo moja kwa anayepita njia ya diploma: ili uendelee na shahada unahitaji GPA isiyopungua 3.0, na kozi zenye ushindani hutaka zaidi. Kijana anayeridhika na “nimefaulu tu” mwaka wa kwanza wa diploma anajifungia mlango ambao atautaka baadaye.

Kama hesabu zako ni kali kweli na nyumbani mambo yametulia, nenda kidato cha tano bila wasiwasi.

Nimesoma PCB (fizikia, kemia na biolojia). Naweza kuwa mhandisi?

Milango mingi itakuwa imefungwa, kwa sababu kozi nyingi za uhandisi zinataka hesabu za juu pamoja na fizikia. Kombi ya kutembea kifua mbele ni PCM (fizikia, kemia, hesabu), na PGM (fizikia, jiografia, hesabu) inakubalika katika baadhi ya kozi. Kwa PCB pekua mwongozo wa TCU kozi moja moja, zipo chache zinazokupokea, nyingi zikiwa zile zinazogusa tiba, kilimo au chakula.

Matokeo yangu si mazuri sana. Kiwango cha chini ni kipi?

Kwa shahada, ufaulu wa masomo mawili ya kombi wenye jumla ya pointi zisizopungua 4.0, ambapo A ni 5, B ni 4, C ni 3, D ni 2 na E ni 1. D mbili zinakufikisha hapo. Ila hicho ni kiwango cha kuruhusiwa kuomba, na wenye alama bora wako mbele yako kwenye foleni. Siku hizi unaomba kwenye chuo chenyewe. Ukichaguliwa vyuo zaidi ya kimoja utatumiwa namba ya siri ya kuthibitisha kimoja, na usipothibitisha kwa wakati nafasi inaondoka. Nimeona mtu akipoteza nafasi kwa sababu namba ya simu aliyojaza ilikuwa ya binamu yake.

Mkopo wa Bodi unatosha? Na nitaulipaje?

Unasaidia sana, na uhandisi umekuwa miongoni mwa fani zinazopewa kipaumbele. Lakini asilimia utakayopata inategemea hali ya nyumbani kama nyaraka zako zinavyoonyesha. Narudia: kama nyaraka zinavyoonyesha. Watoto wa wakulima wanakosa kwa sababu ya karatasi. Cheti cha kuzaliwa lazima kihakikiwe RITA, wakala wa serikali wa usajili wa vizazi na vifo. Kama mzazi amefariki, cheti cha kifo nacho kihakikiwe. Fomu inataka saini na mhuri wa serikali ya mtaa au kijiji, na ya hakimu au wakili. Halafu kuna majina. Kijana anaitwa Elibariki kwenye cheti cha kuzaliwa, Ellybariki kwenye cheti cha kidato cha nne, na baba kila mahali ana herufi yake. Hilo lirekebishe kidato cha sita kikiwa bado hakijaisha, usisubiri wiki ya mwisho ya dirisha wakati mtandao umezidiwa na mtendaji wa kijiji yuko msibani.

Tangu 2023/24 Bodi inakopesha pia baadhi ya wanafunzi wa stashahada katika fani za kipaumbele. Na kwa waliofaulu kwa kiwango cha juu kabisa katika kombi za sayansi kuna Samia Scholarship, iliyoanza 2022/23. Huo ni ufadhili, haurudishwi.

Kuhusu kulipa, ukiajiriwa unakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Tuseme mshahara ni 900,000: makato ni 135,000 kila mwezi. Uliyejiajiri unatakiwa kulipa pia, na ukijificha unajiwekea mzigo wa baadaye. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo na adhabu ya asilimia 10 ambazo wazee wetu walizilalamikia, zilifutwa 2021, kwa hiyo deni la sasa halinenepi kama lile la kaka zako.

ERB ni nini, na ina umuhimu gani?

Ni Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Joho halikufanyi mhandisi mbele ya sheria. Unapohitimu unasajiliwa kwanza kama mhandisi mhitimu. Kisha unafanya kazi chini ya usimamizi wa mhandisi mzoefu, kwa kawaida miaka mitatu, unaandika taarifa za kazi zako naye anazisaini, unafanyiwa usaili, ndipo unapokuwa mhandisi mtaalamu. Bodi ina mpango wake wa kuwalea wahitimu katika kipindi hicho, SEAP, ulioanza 2003.

Hapa ndipo tija ya digrii inapopatikana au kupotea. Mhandisi mtaalamu anaweka saini na mhuri wake kwenye michoro na kubeba dhamana yake. Kampuni za ushauri zinamtafuta. Makandarasi wanamhitaji ili wasajiliwe madaraja ya juu. Aliyeishia kwenye joho anashindania nafasi na maelfu waliohitimu naye. Kwa hiyo unapopanga bajeti ya kusoma, ipange mpaka siku ya kusajiliwa, na kabla hujalipa hata senti ya fomu, hakikisha kozi hiyo inatambuliwa na ERB. Chuo kinaweza kuwa na ithibati halali na kozi yake moja mpya ikawa bado. Piga simu Bodi uulize kwa jina la kozi, jina kamili kama lilivyoandikwa.

Tawi gani lina ajira?

Sitakudanganya kwamba lipo tawi ambalo ajira inakusubiri mlangoni. Nafasi za serikali zinatangazwa kupitia Sekretarieti ya Ajira, mhandisi anaanzia Daraja la II ngazi ya TGS E, na waombaji ni wengi. Lakini naweza kukuambia ninachokiona nikitembea.

Maji naipendelea, na ninajua napendelea. Arusha imejengewa mradi wa maji wa shilingi bilioni 520 kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika. Mabomba yakishafukiwa kazi ndiyo inaanza: kuyaendesha, kupunguza upotevu, kusimamia ubora, na ile floridi haijaondoka. Kila wilaya ina mamlaka ya maji au RUWASA, wakala wa maji vijijini.

Umeme wenye otomatiki ndio ningemchagulia mdogo wangu leo. Viwanda kama kile cha sukari cha TPC kule Arusha Chini, vya nguo na vya bia, mashamba ya maua, hoteli zenye sola porini, vyote vinahitaji mtu anayejua mota na pia anajua kuiambia mota ifanye nini. Na mwenye leseni halali hakosi kazi ndogondogo za kumlisha wakati anasubiri kubwa.

Ujenzi una watu wengi kuliko matawi yote, lakini pia una kazi nyingi: barabara za TANROADS na TARURA, majengo ya watu binafsi, na uwanja wa Arusha wa AFCON 2027 umewapa vijana wengi mahali pa kujifunzia. Mitambo ni pana. Hapa Arusha tuna TEMDO na CAMARTEC, taasisi za umma zinazobuni mashine, mwanafunzi wa mitambo asiache kuzitembelea. Uhandisi wa vifaa tiba watu hawaujui, na hospitali zimejaa mashine zilizofunikwa shuka kwa kukosa wa kuzitengeneza. Madini hulipa vizuri, ila jiandae kuishi Kanda ya Ziwa.

Field (mafunzo kwa vitendo) ina umuhimu gani? Wengine wanasema ni kujaza logibuku tu.

Field yangu ya kwanza, kwenye ofisi moja ya umma, niliimalizia kwenye mashine ya fotokopi. Wiki zote. Nilirudi chuoni na logibuku safi na sikujua lolote.

Ya pili nilijitafutia mwenyewe, nikabisha hodi mpaka nikapokewa na fundi mmoja mzee. Usiku wa kwanza alinitoa saa nane kutafuta bomba linalovuja, kwa sababu saa hiyo mji umelala na magari yametulia. Akasimamisha ncha ya nondo juu ya bomba, ncha nyingine akaniambia niiweke karibu na sikio. “Sikiliza.” Bomba zima lina ngurumo ya chini, kama mtu anayepumua usingizini. Tulipokaribia mvujo, ngurumo ikageuka kuwa mkwaruzo, shshsh, kama chumvi inamwagwa kwenye bati. Tukachimba pale. Maji yalikuwa pale. Nimeshika vifaa vya kielektroniki vya kazi hiyo tangu siku hizo, na bado nasikia kwa lile sikio alilonipa yule mzee.

Tafuta nafasi mapema, miezi mitatu kabla, kwa barua ya chuo mkononi. Na ukifika ukapewa kazi ya fotokopi, omba kwa adabu kuhamishiwa kwa mafundi. Usiogope kama nilivyoogopa mimi.

Vyuo binafsi je?

Vipo vizuri. Ada mara nyingi iko juu, na mkopo unaweza usifunike tofauti, basi uliza mapema. Angalia TCU, angalia ERB, kisha nenda ukaone maabara kwa macho yako siku ya kazi ya kawaida. Mashine yenye vumbi la mwaka inajieleza.

Kusoma nje kuna faida?

Ukipata ufadhili, ndiyo. Wizara ya Elimu hutangaza nafasi za China, Hungary, Algeria na kwingineko. Kwa kujilipia, mara nyingi pesa hiyohiyo ingekusomesha hapa na ikabaki ya kusajiliwa. Na ukirudi lazima cheti kitambuliwe na TCU. Kuhusu kufanya kazi kwa majirani, Kenya, Uganda na Tanzania zilisaini mwaka 2012 makubaliano ya kutambua wahandisi wa kila mmoja, lakini yanamhusu aliyekwisha kusajiliwa kama mtaalamu.

Binti yangu anataka mitambo. Ndugu wanamcheka.

Mama, mwache aende. Norway iliwahi kufadhili wahandisi wanawake wahitimu kupitia ERB ili wasikwame kwenye usajili. Mnunulie buti nzuri za karakana zinazomtosha mguu. Za kuazima ni kubwa na zinaangusha.

Nina miaka 34, ni fundi bomba Majengo, Moshi. Sina cheti cha maana. Nimechelewa?

Kaka, anza VETA. Wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana kazini: wanakupima kwa unachokijua, wanakuziba mapengo, unapata cheti. Kama kidato cha nne hakikukaa vizuri, rudia masomo ya hesabu, fizikia na kemia kama mtahiniwa wa kujitegemea, kisha omba stashahada. Njia ni ndefu, na utakaa dawati moja na watoto wa rika la mwanao. Darasani kwangu alikuwepo mmoja kama wewe. Wakati wa mitihani ya nadharia alikuwa anakuja kwetu tumwelekeze, na siku za karakana sisi sote tulikuwa tunamzunguka yeye.